Mwanza: Polisi na vijana, mabonanza tumecheza ya kutosha. Tuongelee kaunta ya kituo

Mtoto wa Milimani (mwanzisha uzi)

Wakuu mwangaluka.

Kila baada ya muda hapa jijini tunaona picha zile zile. Afande kavaa jezi, dereva boda kavaa jezi, kombe liko katikati na mbuzi kafungwa pembeni anamsubiri mshindi. Mgeni rasmi anatuambia polisi ni rafiki wa raia, tunapiga makofi, tunarudi vijiweni. Jumatatu difenda, gari la polisi, ikikata kona, wale wale waliopiga makofi wanawasha pikipiki wanayeyuka, hata wenye leseni na bima. Mtu mwenye karatasi zote anakimbia nini? Hilo ndilo swali la uzi huu.

Sina ugomvi na bonanza. Mpira ni mpira na mbuzi ni nyama. Ila nimekaa na vijana wa Igogo, Mabatini na Mkuyuni miaka mingi, na sijamsikia hata mmoja akisema anawaamini polisi kwa sababu waliwafunga mbili bila. Ninachosikia ni hadithi za kaunta: nani alipokelewa vipi, aliambiwa nini, alitoka kwa shilingi ngapi. Kijana mmoja akitendewa vibaya pale, kijiwe kizima kinajua kabla giza halijaingia. Akitendewa vizuri wanajua pia, ila hiyo wanaiita bahati.

Kwa ambao hamjawahi kufika, mambo huwa hivi. Unashushwa kwenye gari, unasimamishwa mbele ya kaunta. Vua viatu, vua mkanda, toa simu, toa pochi. Askari wa zamu ana kitabu kikubwa, anaandika jina, kabila, kazi, makazi. Ukiuliza "afande, nimekosa nini?" unaweza kukutana na mmoja kati ya wawili. Wa kwanza anakutajia kosa, anakuuliza apigiwe nani nyumbani. Wa pili anakwambia "utajua mbele ya safari". Kijana aliyekutana na huyo wa pili, hata akiachiwa kesho yake bila kosa, polisi wamempoteza. Siku wizi ukifanyika mbele ya macho yake, ukimfuata atoe ushahidi atakwambia alikuwa amelala.

Mama yake ndiyo usiseme. Kaacha meza yake ya mkaa, kapanda daladala, kafika kituoni anaongea kwa unyenyekevu na askari aliye sawa na mwanaye wa mwisho. Ukutani kuna karatasi imebandikwa: dhamana ni bure. Chini ya karatasi hiyo hiyo anaambiwa, "Mama, gari lilikula mafuta kumfuata mwanao, sasa unatusaidiaje?" Sisemi kila kituo wala kila askari. Nasema mama huyo akirudi nyumbani, mtaa mzima unaambiwa ile karatasi ni pambo.

Sheria yenyewe haina shida. Ibara ya 15 ya Katiba inasema mtu hakamatwi wala kufungiwa ila kwa utaratibu wa sheria. Ibara ya 13 inakataza kumtesa mtu na inataka asihesabiwe mkosaji mpaka ithibitike. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayekamata amwambie anayekamatwa sababu. Inampa aliyeshikiliwa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kumhoji ni saa nne, ukizidi lazima uongezwe kwa utaratibu. Na kama kosa si zito na hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kumwachia kwa dhamana. Askari anayajua haya yote, kayasoma chuoni. Anayeyakuta kwa mara ya kwanza ni kijana wetu, na anayakuta akiwa peku.

Halafu kuna uzururaji. Kanuni ya Adhabu ina makosa ya uzembe na uzururaji, na kijana wa kijiweni ndiye mteja wake mkuu. Mtu kakaa juu ya pikipiki anasubiri abiria saa tano usiku pale Buzuruga, anaulizwa unafanya nini hapa. Yuko kazini!

Huku milimani tuna la ziada. Mnaoijua Mwanza mnajua: nyumba zimekaa katikati ya miamba, njia ni ngazi za mawe na vichochoro, gari la polisi linaishia barabarani kule chini. Askari tunayemwona ni wa msako, anapanda usiku, anagonga milango, anashusha vijana wengi ili apate mmoja. Mkaguzi kata, yaani polisi aliyepangiwa kata, yupo kwenye mpango wa jeshi, na ziko kata ambazo watu wanamjua kwa jina na namba ya simu. Ziko nyingine ukimuulizia unaonyeshwa ofisi ya mtendaji.

Ningepewa wiki moja niwe RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, bonanza ningeliacha kwanza. Ningekaa nyuma ya kaunta nisikilize namna watu wanavyojibiwa. Kila anayeshikiliwa aambiwe kosa kwa sauti mbele ya ndugu, na kama gari halina mafuta hiyo iwe shida yangu mimi RPC, mama wa mkaa asiisikie. Na mkaguzi kata apande milimani saa nne asubuhi, siku ambayo hana shida na mtu, anywe chai kwa mama ntilie, ashuke.

Naomba kuwasilisha. Maafande mliomo humu msikasirike, karibuni mjibu.

---

Dereva wa Igoma

Umepiga palepale. Naongezea la barabarani, maana wengine trafiki ndiye polisi pekee tunayemjua.

2021 serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Tulifurahi sana. Niandikie, nipe namba ya malipo, nikalipe, yaishe. Mtu anayeandikiwa kihalali anaweza kununa asubuhi lakini jioni kasahau. Kinachotuumiza ni kusimamishwa bila kuandikiwa. Anachukua funguo, anaongea na mwingine, anarudi, anakuuliza "sasa tunafanyaje?", anaondoka tena. Abiria kashuka kapanda nyingine. Hapo hakuna faini wala onyo, mnatazamana tu mpaka mmoja achoke. Na anayechoka ni mwenye hesabu ya bosi jioni.

---

Nyegezi Stendi

Uzi mrefu kama foleni ya Mkuyuni ila nimesoma wote. Nakazia hapo kwenye mapambo.

---

Afande Mstaafu

Nimevaa magwanda zaidi ya nusu ya maisha yangu, sehemu kubwa Kanda ya Ziwa. Sitetei uchafu. Askari anayeomba hela ya dhamana ni mwizi mwenye sare, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113, mpigieni. Ila mnaongea kana kwamba upande wa pili wa kaunta hakuna mtu.

Askari wa zamu ya usiku ana gari moja kwa eneo kubwa, wakati mwingine halina mafuta kweli. Simu inaita: Kitangiri wamevunja duka, Nyakato watu wanampiga mwizi, Igoma ajali. Anaanza na wapi? Anaanza na yule anayepigwa, kwa sababu akichelewa dakika kumi atakuta tairi linawaka. Wananchi wenye hasira kali mnawajua, ni ninyi. Nimewaokoa vibaka wengi kutoka mikononi mwa watu wanaojiita raia wema, na mara mbili tatu jiwe limenipata mimi.

Na msisahau hofu. Oktoba 2012 kamanda wetu wa mkoa, Liberatus Barlow, alipigwa risasi akafa usiku hapahapa Kitangiri. Kamanda wa mkoa! Mwenye cheo kile akiuawa mtaani, konstebo anayepanda Mabatini kwenye giza anafikiria nini? Anapanda akiwa ameshaamua kwamba kila kivuli ni adui. Sikubaliani nalo, nawaeleza linavyokuja.

Sasa kuhusu dhamana, kuna jambo raia wengi hawalijui. Kituo kinataka mdhamini mwenye kitambulisho na makazi yanayojulikana, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa. Hiyo barua huko mtaani mnalipia. Mtu akishatoa hela kwa mtendaji na nyingine kwa kijana aliyemkimbizia barua, akifika nyumbani anasema "polisi wamenila". Wengine wanaliwa na polisi kweli. Wengine wameliwa njiani.

---

Mtoto wa Milimani

Afande shikamoo. Hapo kwenye barua umenifungua macho, sikuwa nimeitazama upande huo. Lakini nikuulize kwa heshima: huyo konstebo anayeona kila kivuli ni adui, nani kazi yake kumwonyesha kivuli cha mchana?

---

Afande Mstaafu

Marahaba. Mkuu wake wa kituo. Na hapo sina utetezi. Askari wengi wanapangiwa kituo wasichokijua, hakuna anayewatembeza. Mimi nilipofika kisiwa kimoja huko Ukerewe, mzee wa kijiji ndiye aliyenitembeza nyumba kwa nyumba. Nilikaa pale bila kumpiga mtu kibao, na wezi nilikuwa naletewa.

---

Mama Dagaa Kirumba

Habarini wanangu. Mimi niko mwaloni, boti zinaposhushia samaki; nyie wa mjini mnaongelea kaunta, sisi huku shida yetu ni mdomo.

Injini zinaibwa ziwani. Wavuvi wako kwenye dagaa usiku, taa zinawaka, boti nyingine inakuja taa imezimwa, wanapewa kipigo, injini inafunguliwa, nyavu zinabebwa. Mara nyingine wavuvi wanaachwa wanaelea mpaka asubuhi. Ukiuliza mwaloni nani ananunua injini za wizi, watu wanajua. Watoto wanajua! Lakini hakuna anayekwenda kusema.

Nitaeleza kwa nini. Kijana mmoja, jirani yangu, alikwenda kusema. Sitaji kituo wala mwaka. Alisema asubuhi, jioni yule aliyetajwa akaja mezani kwangu nilipoanika dagaa akaniambia, "Mwambie mtoto wako wa jirani namshukuru kwa salamu." Basi. Kijana akahamia Sengerema, mpaka leo hajarudi kuvulia huku. Tangu siku hiyo mwalo wetu ni bubu. Wakija kutuambia polisi jamii, polisi shirikishi, tunawapa viti, tunawapa soda, tunasema ndiyo afande.

Na mnakumbuka 2018, Operesheni Sangara. Nyavu zilichomwa. Uvuvi haramu upo, kokoro linamaliza ziwa, nani atabisha? Lakini mwenye wavu halali aliyeunguziwa pamoja na mwenye haramu hakwenda kulalamika popote, alimeza. Waliokuja walikuwa maofisa wa uvuvi na askari mchanganyiko. Kwa mvuvi wote ni serikali, wote ni polisi. Leo BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, wakimwita kwenye mkutano wa ulinzi wa mwalo anatuma mtoto.

Nikiri zuri pia. Dawati la Jinsia na Watoto, binti yangu wa kazi alipopigwa na mumewe, tulipokelewa na askari wa kike, akatuingiza chumba cha peke yake, mlango ukafungwa, akaandika PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, bila kutuuliza hela, akatupa na namba yake. Akapiga mwenyewe baada ya siku kadhaa kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Tangu hapo wanawake wa mwaloni wakipata shida ya namna hiyo wananijia mimi, mimi nampigia yeye. Ya injini hatumwambii. Si idara yake.

---

Dereva wa Igoma

Mama umeongea. Hilo la kuuzwa ndilo linaua kila kitu. Kijiweni tunasema "ukichoma, unachomeka", yaani ukimtaja mtu polisi, nawe unatajwa kwake.

---

Afande Mstaafu

Mama Dagaa, hilo limeniuma. Kwa utaratibu jina la mtoa taarifa halitakiwi kukaa kwenye jalada wala kutajwa kaunta. Anayepokea ni mmoja, na siri inabaki kwake. Aliyemuuza yule kijana alitakiwa afukuzwe kazi.

Ushauri wa kizee: mwenye taarifa nzito asiisemee kaunta mbele ya watu. Aombe kuonana na mkuu wa upelelezi wa wilaya, au ampigie mkubwa moja kwa moja. Namba za makamanda hutangazwa.

---

Machinga Mlango Mmoja

Mimi naomba kwanza tutofautishe polisi na mgambo wa jiji. Aliyenibebea mzigo wa mitumba mara zote ni mgambo. Polisi anasimama pembeni na bunduki kulinda zoezi. Ukimlalamikia anakwambia "hiyo ni ya jiji, nenda jiji". Ukienda jiji wanakwambia zoezi lilikuwa na polisi.

Desemba 2018 tulipewa vitambulisho vya wajasiriamali vya 20,000, tukaambiwa hatubughudhiwi. 2021 tukapangwa upya, katikati ya jiji tukaondolewa. Sibishani na mipango miji. Nasema kijana aliyeshika kitambulisho cha serikali mkononi akaona mzigo unabebwa, usimwambie tena habari ya kuamini sare. Ya kahawia, ya bluu, ya kijani, kwake ni ile ile.

Na mali ikichukuliwa sheria inataka upewe hati ya vilivyochukuliwa. Aliyewahi kupewa anyooshe mkono.

---

Machinga wa Pili

Mkono wangu uko mfukoni.

---

Mwanachuo Malimbe

Wakuu, ninachosoma kinahusiana na uzi. Kuna mtafiti wa Marekani, Tom Tyler, kafanya kazi hii miongo mingi. Alichokiona ni kwamba watu wanawapima polisi na mahakama zaidi kwa namna walivyotendewa kuliko kwa matokeo. Mtu anaweza kupewa adhabu akatoka akisema nimetendewa haki, kama alisikilizwa, akaelezwa sababu, na akaona sheria ni ile ile kwa wote. Mwingine anaachiwa huru anatoka na kinyongo. Mtoa mada umelisema hilohilo kwa lugha ya kaunta.

Boston, mwaka 1996, polisi, wachungaji na watu wa mitaani walikaa na vijana wa magenge waliokuwa wanauana kwa bunduki. Waliwaambia uso kwa uso: risasi ikilia tunakuja kwa kundi zima, ila anayetaka kutoka huku kuna msaada wa kazi na shule. Mauaji ya vijana yalishuka sana miaka iliyofuata. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani kilitokana na mpango wenyewe, lakini waliokuwa wanaogopwa walikalishwa mezani wakaongeleshwa kama watu wazima.

---

Nyegezi Stendi

Boston na Igogo wapi na wapi mkuu. Huku bunduki hakuna, kuna panga na njaa.

---

Mwanachuo Malimbe

Ndiyo maana nimesema Boston, sijasema tuige. Huko walikuwa na magenge yanayojulikana kwa majina. Huku unambeba dereva boda, mpiga debe, mvuvi na kibaka kwenye difenda moja kwa sababu wote wana miaka ishirini na wote walikuwa nje saa nne usiku.

---

Mzee wa Magu

Wajukuu, mnatafuta Boston wakati kitu kilianzia huku kwetu.

Baada ya Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 silaha zilizagaa, wizi wa ng'ombe ukatushinda Usukumani na Unyamwezini. Polisi walikuwa wachache na mbali, na wengine walikula na wezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wakaunda Sungusungu. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanaume anatoka na upinde, kijiji kinachofuata kinapokea mwano, kinapeleka mbele. Mwizi na ng'ombe wake hawavuki vijiji vitatu. Mwalimu Nyerere hakuwakataza, aliwaunga mkono. Mwaka 1989 sheria ikawatambua na kuwapa nguvu ya kukamata.

Walifaulu kwa sababu kila mmoja alijulikana ni mtoto wa nani. Akikuonea leo, kesho mnakutana msibani kwa shangazi yenu. Askari wa leo akikuonea anahamishiwa Mtwara.

Lakini msinielewe vibaya. Nimeona pia walivyoharibika. Wapo waliopigwa mpaka kufa bila kusikilizwa. Faini zilitozwa na hela hazikuonekana. Vikongwe wa macho mekundu waliitwa wachawi, kumbe ni moshi wa kuni, na walioapa kulinda kijiji walinyamaza au walikuwamo. Kwa hiyo anayesema turudishe Sungusungu tu halafu basi, mimi sipo. Mtu anayejulikana bila wa juu yake wa kumhoji ni hatari kama askari asiyejulikana.

---

Mtoto wa Milimani

Wabheja sana mzee. Ulinzi shirikishi wetu wa milimani una harufu hiyo hiyo. Vijana wanazunguka na filimbi na rungu, kila kaya inachangia. Wapo wazuri. Wapo ambao ni wale wale tuliokuwa tunajilinda dhidi yao.

---

Kimya Kingi

Naona mnazunguka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalizuka miji kadhaa, Mwanza ikiwamo. Intaneti ikazimwa. Watu walikufa. Kuna nyumba hapa jijini hazijamaliza msiba. Halafu mnakaa kuongelea lugha ya kaunta na chai kwa mama ntilie?

---

Mtoto wa Milimani

Mkuu, pole kama ni la kwako. Sijaliacha kwa kulisahau. Rais aliunda tume ichunguze, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ndiye huyo huyo aliyeongoza tume ya haki jinai ya 2023, iliyopendekeza Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Kwa hiyo hata wakubwa wanajua pa kushonea.

Ila nakujibu hivi. Kijana aliyeona yale hatayasahau kwa sababu ya chai. Anachodai ni kuambiwa ukweli, nani alifanya nini, na aliyekosa ashitakiwe. Hilo si la mkaguzi kata, liko juu sana ya kimo chake. Lakini huyo huyo kijana kesho asubuhi atasimamishwa Mabatini na konstebo, na tusingoje ripoti ndipo konstebo ajifunze kumwambia "habari za asubuhi, naomba leseni".

---

Kimya Kingi

Sikubali, ila nimekuelewa.

---

Dada wa Buhongwa

Samahani naingilia uzi wenu. Mdogo wangu ni dereva boda, kachukuliwa jana jioni kijiweni. Tumezunguka vituo viwili tunaambiwa hayupo. Simu yake haipatikani. Mama presha imepanda. Nifanyeje?

---

Afande Mstaafu

Pole binti. Kwanza waulize wenzake wa kijiweni: gari lilikuwa la namna gani, namba zake, askari walikuwa na sare au kiraia, walielekea wapi. Pikipiki yake iko wapi? Pikipiki haifichiki, ikiwa kwenye uzio wa kituo basi na yeye yuko hapo au amepitia hapo.

Pili, usiishie kaunta. Nenda ofisi ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mweleze kwa utulivu, taja jina kamili na saa aliyochukuliwa, omba waangalie kwenye kitabu cha mahabusu cha vituo vyake vyote. Wakikuzungusha mpaka mchana, kuna ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hapo jijini, na wapo wasaidizi wa kisheria, hawatozi, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 iliwatambua. Usitoe hela kwa mtu anayekwambia "namjua alipo".

---

Dereva wa Igoma

Dada, nitumie namba za pikipiki faragha. Nazisambaza kwenye makundi ya vijiwe sasa hivi.

---

Dada wa Buhongwa

Amepatikana. Kijana wa kijiwe kingine kaiona pikipiki kituo cha tatu. Wameniambia kosa ni uzururaji, mpelelezi hajafika. Wanataka mdhamini na barua ya mtaa. Mtendaji anasema barua ni elfu tano.

---

Afande Mstaafu

Mwambie sawa, akupe stakabadhi ya serikali ya hiyo elfu tano.

---

Dada wa Buhongwa

Kaandika bila hela 😂 Naelekea kituoni na mjomba ndiye mdhamini.

---

Mtoto wa Milimani

Alhamdulillah. Mama kaambiwa?

---

Dada wa Buhongwa

Kaambiwa, kalala. Asanteni sana ndugu zangu. Afande, akishatoka kuna lingine?

---

Afande Mstaafu

Lipo. Muulize askari tarehe na saa ya kurudi kuripoti, uiandike wewe mwenyewe, usimwachie mdogo wako aikumbuke. Vijana wengi wakishatoka wanaona yamekwisha, hawarudi, wanakamatwa tena kwa kuvunja masharti ya dhamana na mjomba naye anatafutwa. Siku hiyo nenda naye. Na kama mpelelezi hayupo siku mliyopangiwa, msiondoke kimyakimya, mwambieni askari wa kaunta aandike kwamba mlifika.